Una lupasi, rumatoidi ama mdomo mkavu na jino lauma? Mwongozo kamili kwa watu wa Lamu kabla hujakaa kwenye kiti cha daktari wa meno

Jino likiuma usiku hapa kisiwani kila mtu ana dawa yake, huyu atakwambia karafuu, yule maji ya chumvi, na wa tatu atakwambia kukicha nenda ukaling'oe tu upumzike. Kwa mtu mwenye afya zake hio ya tatu wala si ushauri mbaya. Lakini kama una ugonjwa wa kinga, yaani kinga ya mwili badala ya kupigana na vijidudu yapigana na mwili wenyewe, kung'oa jino si jambo la kuamka na kuenda.

Magonjwa yenyewe ni mengi. Lupasi (huu hushambulia ngozi, viungo, hata figo), baridi yabisi ya rumatoidi, Sjögren (huu ndo wa macho na mdomo kukauka), skleroderma ya ngozi kukaza, pemfigasi ya malengelenge, hata kisukari cha aina ya kwanza kile kinachoanza utotoni mara nyingi. Kila mmoja una vituko vyake, ila shida yetu sisi watu wa huku ni moja: daktari wa lupasi yuko Mombasa ama Nairobi, wa meno yuko hapa ama Malindi, hawajuani, hawapigiani simu, na faili halipandi boti lenyewe. Anaewaunganisha ni wewe mgonjwa, ama wewe unaemuuguza. Mie si daktari, namuuguza khalati yangu mwenye rumatoidi, na nilioandika hapa ni yale ambayo mtu anafaa ayajue kabla ya kufungua mdomo.

Hatua ya 1: Andika karatasi yako

Chukua karatasi ya daftari, haina haja iwe ya kupendeza. Juu andika jina la ugonjwa kama lilivyo kwenye faili, si "nna mifupa" wala "nna damu chafu", manake ukimwambia daktari wa meno una mifupa atadhani ni uzee tu na ataendelea na kazi yake. Chini yake dawa zote, kila moja na miligramu zake, unameza lini, na umeanza tangu lini. Sio "kile kidonge cheupe kidogo", vidonge vyeupe vidogo viko mia. Kama kuandika ni taabu tia maboksi yote kwenye mkoba uende nayo. Tia na za kienyeji, zile za kuchemsha na habasoda na chochote ulichopewa na mtu, hapa hakuna wa kukucheka.

Halafu andika dawa zinazokudhuru, kama una presha ama figo zina tatizo, kama umewahi kuganda damu mguuni ama kuharibikiwa na mimba mara kadhaa (kwa mwenye lupasi hio ni habari kubwa), kama una mimba sasa, na mara ya mwisho ugonjwa kuamka ilikuwa lini. Mwisho nambari ya simu ya kliniki yako. Ukimaliza ipige picha hio karatasi pamoja na majibu ya damu ya mwisho, manake boti ikirusha maji karatasi inalowa na simu iko mfukoni.

Ukifika, kabla hujakaa, sema hivi: "Salaam aleikum daktari, kabla hujaniangalia, mie nna lupasi, natumia prednisoloni miligramu 10 kila asubuhi tangu mwaka jana na haidroksiklorokwini, karatasi yangu hii hapa." Sekunde 15 tu. Na kama daktari hataki hata kuitupia jicho, mie ningeshuka kwenye kiti nikatafuta mwengine, kama hakuna usaha na hakuna homa.

Hatua ya 2: Jua ugonjwa wako unakufanya nini mdomoni

Nianze na ukavu wa mdomo sababu ndo unaomaliza meno ya watu kimyakimya. Sjögren umepewa jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, alieuandika 1933, na wagonjwa wake karibu 9 kwa kila 10 ni wanawake. Kinga inashambulia tezi za mate na za machozi. Mate sisi tunayadharau lakini yana kazi: yanaosha chakula, yanapoza asidi, na yana madini yanayorudisha ugumu wa jino kila baada ya kula. Yakipungua, meno yanaoza sehemu ambazo kwa mtu wa kawaida haziozi ovyo, pale shingoni mwa jino karibu na ufizi na kwenye ncha zake. Utamuona mtu anapiga mswaki asubuhi na jioni na bado meno yanakatika, na watu wanamwambia ni uchafu. Si uchafu. Ukiona huwezi kumeza mkate wa mofa bila kushushia maji, unaamka usiku kunywa, ulimi umepasuka ama unawaka, macho kama yana mchanga, mwambie daktari neno Sjögren uone atasema nini. Unaweza kuja peke yake na unaweza kuja pamoja na lupasi ama rumatoidi.

Mdomo mkavu unaleta pia fangasi, utando mweupe unaokwangulika ama wekundu unaochoma na pembe za mdomo kupasuka. Na tezi za mashavuni chini ya masikio zinaweza kuvimba zikashuka. Ikivimba ya upande mmoja ikawa ngumu wiki zapita haishuki, usikae nayo, wenye Sjögren wana hatari zaidi kuliko watu wengine ya kupata limfoma, ambayo ni saratani, kwa hivo hio tezi inataka kuangaliwa.

Lupasi inatoa vidonda, mara nyingi kwenye kaakaa la juu, na vengine haviumi kabisa ndo maana mtu havijui mpaka atazamwe. Lakini la hatari zaidi kwenye lupasi haliko mdomoni: chembe za kugandisha damu zinaweza kushuka, figo zinaweza kuwa zimeguswa, na kuna ambao damu yao inaganda ovyo wakawekwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Yote matatu yanabadilisha mambo siku ya kung'oa.

Rumatoidi inaweza kuingia kwenye kiungo cha taya pale mbele ya sikio, kufungua mdomo asubuhi kunauma. Inakwenda vidoleni pia, na mtu ambae hawezi kushika kijiko vizuri hawezi kupiga mswaki vizuri, hilo watu hawalifikirii. Na kuna habari ya ufizi. Mdudu mmoja wa ugonjwa wa ufizi aitwae Porphyromonas gingivalis anajua kubadilisha protini kwa njia ile ile ambayo kinga ya mwenye rumatoidi huishambulia, kwa hivo wataalamu wameuchunguza sana uhusiano wa ufizi na viungo. Usitarajie kusafisha meno kutaponya magoti, lakini ufizi unaotoa damu kila siku mwenye rumatoidi asiuache.

Skleroderma inaufanya mdomo uwe mdogo, ngozi imekaza, daktari hapati pa kupitisha mkono, kwa hivo bora meno yatengenezwe mapema kabla haujabana. Pemfigasi mara nyingi huanzia mdomoni, malengelenge yanayopasuka na kuacha kidonda kibichi, miezi kabla ya ngozi ya mwili kuonyesha kitu, na watu wanazunguka na dawa za fangasi wakati sicho. Kuna na laikeni, michirizi myeupe kama wavu ndani ya mashavu, mingi haina neno lakini inataka kuangaliwa kila mwaka manake mara chache hugeuka saratani.

Hatua ya 3: Pitia dawa zako moja moja

Prednisoloni. Hii ni steroidi ya kutuliza kinga. Ukizimeza zaidi ya wiki 3 au 4 tezi zako za juu ya figo zinalala, haziwezi tena kutoa homoni mwili ukipata mshtuko. Kwa hivo usiiache ghafla hata siku moja, na siku ya kwenda kwa daktari wa meno imeze kama kawaida. Kuziba jino ama kung'oa moja kwa sindano ya ganzi kwa kawaida hakuhitaji kuongeza dozi, ila kazi kubwa ama ya kulazwa usingizi madaktari wanaweza kuongeza, na wa kuamua ni wao. Ukiwa kitini ukajisikia kuzimia, kichefuchefu, nguvu zimeisha, sema hapo hapo. Hizi dawa pia zinaficha homa na uvimbe, unaweza kuwa na usaha na sura ikaonekana ya kawaida.

Methotrekseti. Hii kwa rumatoidi humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Narudia sababu watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Chagua siku, tuseme Jumapili, iandike kwenye boksi. Vidonda vingi vikizuka mdomoni kwa pamoja mtu yuko kwenye methotrekseti, hio inaweza kuwa ndo alama ya kwanza ya dawa kuzidi mwilini, si jambo la kununua dawa ya kupaka, ni kupiga simu kliniki siku hio hio na kupimwa damu. Foliki asidi ulioandikiwa inasaidia kupunguza vidonda, usiiache. Na usikubali Septrin hata kidogo ukiwa kwenye methotrekseti, zikikutana zinaweza kuangusha damu yako vibaya.

Warfarini. Usiiache mwenyewe "ili damu isitoke", damu kuganda kwenye mapafu au ubongo ni mbaya kuliko ufizi kuvuja. Kinachotakiwa ni kipimo cha INR, cha kuonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, karibu na siku yenyewe, masaa 24 kabla, ama hadi 72 kama namba zako hutulia. Ikiwa chini ya 4 kung'oa kawaida huendelea kwa kushona na kubana vizuri. Sasa sikiza hili: gelu ya mikonazoli ya fangasi ya mdomo, ambayo watu hununua bila hata kuuliza, inapandisha sana nguvu ya warfarini. Flagyl vilevile, na eritromaisini. Mwenye warfarini akiwa na fangasi aulize nistatini.

Dawa za mifupa. Wengi waliokaa sana na prednisoloni hupewa alendroneti, kidonge cha wiki, ama sindano. Mara chache baada ya kung'oa mfupa wa taya unakataa kupona, unabaki wazi. Hatari ni ndogo kwa hivi vidonge, inaongezeka ukizitumia miaka mingi na ukiwa na prednisoloni pamoja. Cha kufanya ni rahisi: kabla HUJAANZA hizo dawa meno yaangaliwe, yalioharibika yatolewe, ndo uanze.

Haidroksiklorokwini haina ugomvi na meno, ila inaweza kuacha weusi wa kibuluu kwenye kaakaa, usishtuke ila muonyeshe daktari. Saiklosporini inanenepesha ufizi, na dawa ya presha ya nifedipini pia. Sindano mpya za kushusha kinga, zile za bei ya kuumiza, uliza kliniki kama jino litolewe kabla ya sindano inayofuata, usijipangie.

Hatua ya 4: Chagua siku

Ugonjwa ukiwa umeamka fanya la lazima tu, maumivu na usaha. Kusafisha, kuziba, meno bandia, hayo yasubiri utulie. Lakini usaha hausubiri, mtu asije akasema nimeambiwa ningoje.

Pima damu wiki hio hio. Omba hesabu kamili ya damu, INR kama una warfarini, sukari kama una kisukari, figo kama una lupasi. Chembe za kugandisha damu zikiwa chini ya elfu 50, kwenye karatasi ya maabara mara nyingi imeandikwa 50 tu, kung'oa kunangoja mpaka madaktari wazungumze. Hapa mjini hospitali ya King Fahd ndo pa kuanzia, ikishindikana ni Malindi ama Coast General kule Mombasa. Uliza kabla SHA, bima ya afya ya serikali, italipa nini na kipi utatoa mfukoni, tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024 watu bado wanachanganyikiwa kwenye madirisha.

Kama unavuka Mokowe kupanda basi, usipange kung'oa na kurudi siku hio hio. Damu ikianza Garsen njiani hakuna wa kukusaidia. Lala kwa jamaa Malindi ama Mombasa usiku mmoja. Na tumia safari moja kwa kazi mbili, kliniki ya kinga asubuhi, meno kesho yake ukiwa na barua mpya mkononi.

Omba saa za asubuhi. Mwenye rumatoidi anaekakamaa sana alfajiri aombe saa 4 au 5 viungo vikilegea. Mwenye kisukari ale na apige insulini yake kama kawaida, asije na njaa.

Hatua ya 5: Kwenye kiti

Mwenye rumatoidi ya miaka mingi shingo yake inaweza kuwa haijakaza pale juu, kwa hivo kichwa kisilazwe nyuma sana, chukua kijimto ama leso ukunje uweke chini ya shingo na umwambie daktari. Taya likichoka inua mkono, mapumziko ya dakika moja moja ni haki yako. Mdomo mkavu upakwe mafuta pembeni kabla, la sivo unapasuka. Vidole vinavyogeuka rangi kwa baridi funika na shuka, chumba chenye kiyoyozi si mchezo. Ganzi yenyewe kwa wengi haina tatizo.

Kuhusu antibiotiki kabla ya kung'oa, si kila mwenye ugonjwa wa kinga anahitaji. Inategemea moyo wako, chembe nyeupe zako na dawa zako. Usiidai na usiikatae, uliza sababu.

Hatua ya 6: Ukitoka

Uma gozi, kile kitambaa cha pamba ulichowekewa juu ya shimo la jino, dakika 30 bila kuchungulia chungulia. Usiteme teme mate, usisukutue siku ya kwanza, usinyonye kwa mrija. Kahawa tungu ya moto ingoje kesho. Kuanzia siku ya pili maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, taratibu.

Maumivu ni panadol, mtu mzima asipitishe miligramu 4,000 kwa siku, yaani vidonge 8 vya 500, na mwenye ini bovu aulize kwanza. Brufeni na diklofenaki, ile sindano watu wanaipenda, mwenye figo za lupasi asiguse, mwenye warfarini asiguse, na mwenye methotrekseti asijinunulie bila kumuuliza daktari wake. Ukiandikiwa antibiotiki toa ile karatasi yako tena pale duka la dawa, ndo mtego mwengine ulipo.

Mwambie daktari wa meno akuandikie alichofanya na alichokupa, mistari mitatu inatosha, umpelekee yule wa kinga.

Hatua ya 7: Nyumbani kila siku

Mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, angalia nyuma ya tyubu, namba iwe kati ya 1,000 na 1,500. Mwenye mdomo mkavu sana daktari anaweza kumuandikia ya 5,000. Ukimaliza tema, usisukutue na maji, wacha floraidi ikae. Mswaki wa mti ni mzuri na ni sunna, lakini ufizi ukiwa unabanduka ama una vidonda ule uzi mgumu unachubua, uloweke mpaka ulainike ama upumzishe. Mkono usioshika vizuri, funga mpini wa mswaki na tambara ama kipande cha mpira wa baiskeli unenepe, khalati yangu ndo anavotumia na hataki mwengine.

Chakula ndo vita vyenyewe huku kwetu. Mabuyu, yale mekundu ya sukari na ukali, kwa mdomo usio na mate ni msiba: sukari, asidi, na unayanyonya nusu saa. Ukwaju na achari vinafuata, na halwa inaganda. Sijasema usile, nimesema kula pamoja na chakula kisha maji, sio kidogo kidogo mchana kutwa. Baada ya vitu vya ukali ngoja nusu saa ndo upige mswaki. Na miraa na muguka vinakausha mdomo halafu vinasindikizwa na soda na bigijii za sukari usiku mzima, mwenye Sjögren anaekula hivo hana meno ya kuzeeka nayo. Bigijii isio na sukari, hasa yenye zailitoli, inasaidia kutoa mate. Maji mafunda madogo madogo. Dawa ya kusukutua yenye alkoholi achana nayo. Kuna vidonge vya kuongeza mate vya pilokapini, vya kuandikiwa na daktari, havifai kwa kila mtu, hasa wenye pumu.

Meno bandia yatoke usiku, yasuguliwe, yalazwe majini.

Ramadhani. Ongea na daktari wako kabla ya mwezi mwandamo sio katikati, dawa nyingine zinahamia daku na futari bila shida na nyingine hazihami, na kuna ambao hawafai kufunga kabisa, dini imeweka ruhusa kwa mgonjwa. Anaefunga na mdomo mkavu apige mswaki na floraidi baada ya daku, afungue kwa tende na maji mengi, na kaimati zisigande usiku kucha. Kuhusu sindano ya ganzi ukiwa umefunga muulize sheikh wako, ama omba miadi ya usiku ama kabla ya mwezi kuingia.

Hatua ya 8: Hapa usingoje

Kidonda cha mdomoni kilichopita wiki 2 ama 3 hakijapona, kinaangaliwa, hata kama hakiumi. Malengelenge mdomoni na ufizi kubanduka pia. Damu isiokatika baada ya kuuma gozi dakika 30 mara mbili, nenda. Homa ya 38 kwa mtu mwenye dawa za kushusha kinga, nenda usiku huo huo. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, kumeza kukawa tabu, ulimi ukainuka ama pumzi ikabana, usingoje boti ya asubuhi, amsha nahodha, amsha jirani, hospitali kwanza na mengine baadae.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, mwenye mdomo mkavu aonekane na daktari wa meno kila miezi 3 au 4, wengine kila miezi 6, na miadi inayofuata iandikwe kabla hujatoka mlangoni.